Tumbo Baada ya Kisu: Maumivu na Mmeng'enyo kwa Waliopasuliwa ili Kupunguza Uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito ni tiba ambayo sehemu yake ndefu huanza mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu daktari anapobadilisha umbo la mfuko wa chakula au njia ya utumbo hubadilisha pia namna mwili utakavyopokea kila tonge, kila kidonge na kila funda la maji kwa miaka yote inayofuata. Kwa mkazi wa Nguvumali, kata iliyo ndani ya Jiji la Tanga, jambo hili lina uzito wa pekee, maana upasuaji wenyewe hufanyika mbali, Dar es Salaam, Nairobi, India au katika nchi za Ghuba waliko ndugu wengi wa watu wa pwani, ilhali kiungulia, kuharisha, kutapika na kichomi cha tumbo humkuta akiwa kwake, ambako msaada wa kwanza ni duka la dawa la mtaani, kisha zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Mengi ya matatizo hayo yanatibika na baadhi yake huisha kwa kubadili tu namna ya kula, lakini machache yanaweza kuua katika muda wa saa chache, na mara nyingi kinachoamua hatima ya mgonjwa ni kama yule anayempokea anajua alifanyiwa nini.

Haja ya tiba hii haikuzuka bure. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na tangu hapo mazungumzo juu ya uzito, sukari na shinikizo la damu yameingia hadi vibarazani, yakisukumwa kwa kiasi kikubwa na mafunzo ya Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Katika kipindi hichohicho tawi la Muhimbili lililoko Mloganzila lilianza kuwawekea watu puto tumboni, yaani mfuko laini unaojazwa maji ndani ya mfuko wa chakula na kukaa humo kwa miezi kadhaa ili mtu ashibe mapema. Puto si upasuaji, kwa kuwa huingizwa na kutolewa kwa mdomo, na usumbufu wake mkubwa, ambao ni kichefuchefu, kutapika na tumbo kubana, hutokea zaidi siku chache za mwanzo. Upasuaji ni jambo jingine, kwa maana mabadiliko yake ni ya kudumu.

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani leo. Ya kwanza ni ya kuukata mfuko wa chakula kwa urefu, ambapo robo tatu ya mfuko au zaidi huondolewa kabisa na kubaki mrija mwembamba unaochukua kiasi cha mililita 100 hadi 150, yaani chini ya kikombe kimoja cha chai. Kwa urahisi, hapa utaitwa upasuaji wa mrija. Ya pili ni upasuaji wa mchepuo, ambapo daktari hutenga kifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu ya mfuko wa chakula, kisha akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita pembeni ya sehemu kubwa ya mfuko na sehemu ya mwanzo ya utumbo. Mchepuo wa kwanza wa namna hii kwa ajili ya unene ulifanywa na Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katikati ya miaka ya 1960, na kabla yake kulikuwa na upasuaji mkali zaidi, ulioelezwa huko Minnesota mwaka 1954, uliouruka karibu utumbo mwembamba wote. Waliofanyiwa huo wa zamani walikonda kweli, lakini wengi waliharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, maumivu ya viungo na hata ini kushindwa kufanya kazi, na ndiyo maana uliachwa. Madaktari walijifunza kutokana na miili ya wagonjwa hao kwamba kupungua kilo hakutoshi kuwa kipimo cha mafanikio, na kwamba tumbo la mtu aliyepasuliwa linahitaji kufuatiliwa maisha yake yote.

Malalamiko yaliyo mengi zaidi hutokana na chakula chenyewe na namna kinavyoliwa. Kifuko kidogo hakina nguvu ya kusaga wala nafasi ya kungojea, kwa hiyo tonge kubwa la ugali, wali mkavu au kipande cha pweza kisichotafunwa vizuri hukwama, na mgonjwa huhisi kifua kimebanwa, mate humjaa mdomoni, kisha chakula kikarudi. Dawa ya hali hii ni subira zaidi kuliko vidonge: matonge madogo, kutafuna mpaka chakula kilainike kabisa, kutumia muda wa nusu saa kwa mlo mmoja, na kutokunywa maji pamoja na chakula bali kusubiri kama nusu saa baada yake. Vyakula vya pwani vina nafasi nzuri katika utaratibu huu kama vikichaguliwa vyema, kwa kuwa samaki laini kama changu wa kuchemsha, mayai, dagaa waliosagwa, uji wa choroko na kunde zilizopondwa vina protini ambayo mwili unaoponya kidonda unaihitaji kuliko kitu kingine. Kinachosumbua ni tui zito na mafuta ya kukaangia. Asubuhi ya maandazi na mbaazi za nazi, ambayo kwa mtu mwingine ni kifungua kinywa cha kawaida, kwa aliyepasuliwa inaweza kuwa mwanzo wa siku nzima ya kichefuchefu na choo chenye mafuta.

Lililo gumu zaidi kueleweka ni hali ya chakula kumwagika upesi mno katika utumbo mwembamba, ambayo huwapata hasa waliofanyiwa mchepuo, ingawa wa mrija nao hawajasalimika. Kwa kawaida mfuko wa chakula una mlango wa chini unaotoa chakula kidogo kidogo, lakini mlango huo ukishapitwa pembeni, sukari nyingi huteremka kwa pamoja, ikavuta maji kutoka kwenye damu hadi ndani ya utumbo, na katika dakika 10 hadi 30 mtu hupigwa na msokoto wa tumbo, moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha. Mfano unaoeleweka zaidi Tanga ni futari. Aliyepasuliwa akifungua kwa tende kadhaa, glasi ya juisi ya miwa na bakuli la uji mtamu juu ya tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri, anaweza kulazimika kulala kitandani wakati wenzake wanajiandaa kwa tarawehe, na familia ikadhani amepatwa na maradhi mapya, kumbe ni sukari iliyoingia kwa kishindo. Tende moja, maji kwa mafunda madogo, kisha supu ya samaki au yai kabla ya wanga wowote, mara nyingi hutosha kulizuia jambo hilo. Katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, wakati mtu hawezi kunywa maji ya kutosha hata mchana kutwa, madaktari wengi humshauri asifunge kabisa, na hapo mgonjwa ana haki ya kukaa na daktari wake na mwanazuoni anayemwamini, kwa kuwa ruhusa ya mgonjwa katika dini inajulikana vyema pwani yote.

Kuna pia sura ya pili ya tatizo hilo, inayojitokeza saa moja hadi tatu baada ya kula, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi tangu upasuaji. Sukari iliyoingia kwa haraka huushtua mwili ukamwaga insulini kupita kiasi, kisha sukari ya damu ikashuka chini ya kiwango, mtu akatetemeka, akachanganyikiwa au akaanguka. Wengi hujitibu kwa soda, nao hupata nafuu ya dakika chache, lakini soda hiyohiyo huanzisha mzunguko mwingine. Mwendesha bodaboda au mpishi anayesimama mbele ya mafuta ya moto hapaswi kuishi na hali hii bila kumwona daktari, maana mpangilio wa chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo huidhibiti kwa walio wengi, na zipo dawa kwa wale ambao chakula peke yake hakiwatoshi.

Gesi, tumbo kujaa na kuharisha kusikoeleweka kuna vyanzo vingine vinavyofaa kutafutwa kimoja kimoja. Maziwa ni cha kwanza. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wana upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na baada ya upasuaji, kwa kuwa maziwa hupita upesi zaidi, mtu aliyekuwa akinywa bila shida anaweza kuanza kuharisha. Tanga ni mji wa maziwa, wenye kiwanda cha Tanga Fresh na wafugaji wengi pembezoni, na kwa bahati njema mtindi, ambao bakteria wake wameshaivunja sehemu ya sukari hiyo, huvumilika vizuri zaidi na una protini ileile. Chanzo kingine ni bakteria kuzaliana kupita kiasi katika sehemu ya utumbo iliyotengwa, jambo linaloleta gesi yenye harufu kali na kuharisha, na hutibiwa kwa antibayotiki zinazochaguliwa na daktari. Wengine husumbuliwa na kinyume chake, yaani kukosa choo kwa siku nyingi, kwa sababu wanakunywa maji machache na kumeza vidonge vya madini ya chuma. Hawa wasikimbilie haluli wala majani makali ya kuharisha, yanayomkausha maji mtu ambaye tayari hana ya akiba. Hata machungwa, fahari ya Muheza, yanataka uangalifu: nyuzi na utando mweupe wa ndani usiotafunwa unaweza kujikusanya ukawa donge linaloziba njia ya chakula, kwa hiyo tunda limenywe, makapi yatemwe.

Kutapika ndiko kunakostahili kutiliwa mkazo kuliko dalili zote za mmeng'enyo, kwa kuwa jamii na hata baadhi ya wahudumu wa afya hukuona kuwa ni sehemu ya kawaida ya safari ya kukonda. Kutapika mara moja baada ya kula haraka si ajabu. Kutapika kila siku kwa wiki mbili au tatu ni ishara kwamba mahali fulani pamekuwa pembamba, labda pale kifuko kilipoungwa na utumbo, labda katikati ya mrija, na tatizo hilo hutibiwa kwa endoskopia, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ambao unaweza pia kubeba puto dogo la kupanua palipobana. Lakini hatari kubwa zaidi haiko tumboni. Mwili wa binadamu huhifadhi vitamini B1 ya wiki chache tu, na mtu anayekula vijiko vichache vya wali mweupe, uliokobolewa na kupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, kisha akavitapika, huimaliza akiba yake upesi. Matokeo yake ni macho kuchezacheza au kuona viwiliviwili, kuyumba wakati wa kutembea, kusahau na kuchanganyikiwa, na uharibifu huo wa ubongo usipotibiwa mapema hubaki.

Hapa ndipo zahanati ya mtaani ina nafasi ya kuokoa au kudhuru bila kukusudia. Mgonjwa anayetapika na aliyelegea hutundikiwa dripu, na mara nyingi dripu inayochaguliwa ni ya glukosi kwa kuwa inaaminika kumpa nguvu. Mwili unapopokea glukosi huhitaji vitamini B1 ili kuitumia, kwa hiyo kiasi kidogo kilichobaki huisha kwa mkupuo na ubongo ukaathirika katika siku hiyohiyo. Utaratibu sahihi ni kumpa mgonjwa wa namna hii sindano ya vitamini B1 kwanza, kisha dripu ya chumvichumvi, na glukosi ije baadaye kama inahitajika. Vitamini hiyo ni ya bei ndogo, nayo haina madhara makubwa hata ikitolewa kwa mtu ambaye hakuwa na upungufu, hivyo hakuna sababu ya kungoja majibu ya maabara. Muuguzi anayelifahamu jambo hili moja anaweza kumwokoa mgonjwa na ulemavu wa maisha.

Maumivu nayo husomeka kwa mahali na wakati. Maumivu ya kuunguza chini ya kifua kwa aliyefanyiwa upasuaji wa mrija mara nyingi ni asidi inayopanda kwenye umio, kwa kuwa mrija ule mwembamba una mgandamizo mkubwa kuliko mfuko wa awali. Hupungua kwa kula mapema jioni, kulala kichwa kikiwa juu na kutumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, na kwa wachache ambao hawapati nafuu, mrija hubadilishwa kuwa mchepuo. Kwa aliyefanyiwa mchepuo, maumivu ya kuchoma yanayokuja na kila mlo humwelekeza daktari kufikiria kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo, kwa sababu utumbo, tofauti na mfuko wa chakula, haukuumbwa kustahimili asidi. Maadui watatu wa sehemu hiyo wanafahamika: sigara, bakteria wa tumbo aitwaye Helikobakta pilori ambaye ameenea sana Afrika Mashariki, na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini.

Adui huyo wa tatu ndiye aliye karibu zaidi. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, yameleta dawa karibu na watu kwa namna inayostahili sifa, lakini ukaribu huo una maana kwamba mtu mwenye mgongo unaouma au meno yanayouma hupata diklofenaki kwa dakika moja bila kuulizwa habari za tumbo lake. Aliyefanyiwa mchepuo akizoea dawa hizo anaweza kupata kidonda kinachotoboka au kutoa damu, na choo cheusi kama lami ndiyo dalili ya damu hiyo. Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza kwake, kwa kipimo kilichoandikwa na bila kuzidishwa. Kidonda kikishapatikana hutibika kwa miezi kadhaa ya dawa za kupunguza asidi, na kwa wagonjwa hawa daktari anaweza kuagiza kapsuli ifunguliwe na unga wake unywewe, kwa kuwa kifuko kidogo hakiipi kapsuli nzima muda wa kuyeyuka kabla haijapita.

Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, yanayokuja saa moja au mbili baada ya chakula chenye mafuta na kuelekea begani au mgongoni, mara nyingi ni mawe ya nyongo. Mtu akikonda kwa haraka, nyongo yake hubadilika na mawe kujitengeneza kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwafuatilia watu waliofanyiwa mchepuo na kukuta mawe kwa 32 kati ya kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, lakini kwa 2 tu kati ya kila 100 waliotumia dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki miligramu 600 kwa siku kwa miezi sita. Kipimo cha ultrasaundi, ambacho si cha kutafutwa mbali, hutosha kuyaona mawe hayo.

Kisha ipo ngiri ya ndani, ambayo ndiyo inayowanyima madaktari usingizi. Upasuaji wa mchepuo huacha mianya katika utando unaoushikilia utumbo, mmoja wao ukiwa ule uliopewa jina la Walther Petersen, mpasuaji wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1900, na mtu anapokonda, mafuta yaliyokuwa yakiibana mianya hiyo huyeyuka, ikapanuka. Utumbo unaweza kupenya humo, ukajizungusha na kukatikiwa damu. Hali hii huja miezi au miaka baada ya upasuaji, kwa maumivu makali ya ghafla katikati au kushoto juu ya kitovu, mengine yakienda mgongoni, na jambo linalopotosha ni kwamba tumbo linaweza kuwa laini likibonyezwa, mgonjwa asitapike sana, na vipimo vya damu vikawa vya kawaida. Wengine hupata maumivu yanayokuja na kuondoka kwa majuma mengi kabla ya siku ya hatari. Utafiti wa hospitali 12 za Uswidi, uliowahusisha wagonjwa 2,507 na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kuishona mianya hiyo wakati wa upasuaji wa kwanza kulipunguza idadi ya waliorudishwa chumba cha upasuaji kwa utumbo kuziba ndani ya miaka mitatu, kutoka takribani 10 hadi chini ya 6 kati ya kila 100. Imepungua, haikuisha. Kwa hiyo maumivu makali yasiyotulia kwa mtu mwenye mchepuo yanahitaji picha ya CT scan na mpasuaji siku hiyohiyo, na hata picha ikiwa safi, mpasuaji anaweza kuamua kuchungulia ndani.

Wanawake wajawazito wako katika hatari zaidi, kwa sababu mji wa mimba unaokua huusukuma utumbo kuelekea kwenye mianya, na maumivu yao ni mepesi kuhusishwa na mimba yenyewe. Pwani ya Tanga ina desturi ndefu ya kuyaita maumivu mengi ya tumbo la mwanamke chango na kuyatibu kwa mizizi na majani, na desturi hiyo imewasaidia wengi kupata faraja na uangalizi wa mama na mashangazi. Hata hivyo, mjamzito aliyewahi kufanyiwa mchepuo akishikwa na maumivu makali juu ya kitovu, jamaa zake wampeleke hospitali kabla ya kuchemsha dawa yoyote. Madaktari pia hushauri mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji. Kliniki ya wajawazito nayo inapaswa kujua kwamba kipimo cha sukari kinachofanywa kwa kunywa glukosi nyingi hakimfai mama huyu, kwa kuwa humwangusha kwa ile hali ya kumwagika iliyoelezwa hapo juu.

Habari hizi zote zinategemea mgonjwa kusema, na kusema ni kugumu. Watu wengi huuficha upasuaji wao, wengine hata kwa wenzi wao, wakihofia maneno ya mtaani kwamba wamekonda kwa hila au wamekufuru umbo walilopewa. Makovu ya upasuaji wa matundu madogo ni ya kuficha kwa urahisi, kwa hiyo daktari wa zamu usiku hawezi kuyasoma. Kutoka Nguvumali hadi Dar es Salaam ni safari ya takribani kilomita 350, na basi la kwanza kutoka stendi ya Kange haliwezi kushindana na utumbo uliojisokota. Karatasi moja iliyokunjwa ndani ya pochi, yenye aina ya upasuaji, tarehe, hospitali, namba ya simu ya mpasuaji na maneno mawili, yaani asipewe diklofenaki na apewe vitamini B1 kabla ya glukosi, ina thamani kuliko maelezo marefu yatakayotafutwa wakati mgonjwa hawezi tena kuzungumza. Hakuna aibu katika karatasi hiyo. Unene ni maradhi yenye mizizi katika homoni, kurithi na mazingira, na kuyatibu ni sawa na kutibu maradhi mengine yoyote.

Wapo waliofanyiwa kila kipimo, wakaonekana hawana kidonda, mawe wala ngiri, na bado wanaumwa. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa sugu, nayo ni ya kweli hata picha isipoonyesha kitu. Wakati mwingine hayatoki ndani kabisa bali kwenye ukuta wa tumbo, pale mshipa mdogo wa fahamu ulipobanwa na kovu. Kuna njia nyepesi ya kutambua, iliyoelezwa na J. B. Carnett wa Marekani mwaka 1926, isiyohitaji mashine: mgonjwa hulala chali, daktari huweka kidole pale panapouma, kisha humwomba ainue kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono. Misuli ikikaza na maumivu yakapungua, chanzo kiko ndani. Yakizidi, chanzo kiko ukutani, na sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kuyaondoa kwa wiki au miezi. Ni kipimo cha dakika moja, na zahanati yoyote ina kitanda cha kukifanyia.

Katika hali nyingine mishipa ya fahamu yenyewe imekuwa mikali kupita kiasi baada ya kuumwa kwa muda mrefu, ikipeleka ishara za maumivu kwa jambo dogo kama gesi inayopita. Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni hazifai kuwa jibu la kudumu hapa, kwa kuwa hufunga choo, huleta uraibu, na zikitumika kwa muda mrefu huweza kuyafanya maumivu ya tumbo yawe makubwa zaidi badala ya kuyapunguza. Zinazosaidia ni dawa za kutuliza mishipa ya fahamu kama amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku, usingizi wa kutosha, kutembea kila siku, na mazungumzo na mtaalamu anayeelewa kwamba hofu ya chakula huongeza maumivu ya chakula. Mkoa wa Tanga una uzoefu wa kutegemea katika fani hii, kwa sababu Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini kujenga huduma ya tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, na maarifa ya kuuliza maumivu yako wapi, yana ukali gani na yanamzuia mtu kufanya nini, yaliyokuzwa kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, yanawafaa vilevile wagonjwa hawa.

Si kila ganzi, kuwaka kwa nyayo au maumivu ya mifupa hutokana na upasuaji wenyewe. Mengi hutokana na upungufu wa vitamini B12, vitamini D na madini ya chokaa, ambao hujitokeza taratibu, pengine mwaka wa pili au wa tatu, wakati mtu ameshaacha vidonge kwa kudhani amepona. B12 hufyonzwa kwa shida baada ya mchepuo, kwa hiyo wengi hupewa sindano ya miligramu moja kila miezi mitatu, na madini ya chuma humezwa saa mbili mbali na yale ya chokaa na mbali na chai ya rangi, kwa sababu vyote viwili huyazuia kufyonzwa. Damu hupimwa baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, kisha kila mwaka, na mgonjwa aliyekuwa akisafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili hiyo anaweza kukubaliana na mpasuaji wake kwamba sehemu ya vipimo hivyo ifanyike Bombo na majibu yatumwe kwa simu, ili nauli ibaki kwa ajili ya siku ambayo macho ya mpasuaji yanahitajika kweli.